Amani ya Moyo Baada ya Ghasia: Historia na Somo Letu Hapa Gusii

Leo tutatazama nyuma kidogo tuone jinsi binadamu walivyotafuta utulivu wakati wa taabu, na jinsi wewe unavyoweza kuupata nyumbani kwako bila kutumia hata shilingi moja.

Sisi wa Kisii na Nyamira tumepitia mengi. Mwaka wa 1905, na tena 1908, majeshi ya Waingereza yaliwapiga babu zetu na kuchukua mifugo yao. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani wakapigana papa hapa Kisii, vita ambavyo havikuwa vyetu. Mwaka wa 1992, na tena 2008, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Jamaa zetu wengi walirudi kutoka Bonde la Ufa mikono mitupu.

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba wa amani mbele ya Kofi Annan. Vita vikatulia. Lakini je, mioyo nayo ilitulia? Mkataba hutiwa sahihi kwa siku moja, ila hofu hukaa mwilini kwa miaka. Aliyeona nyumba yake ikiteketea huweza kushtuka akisikia vigelegele vya harusi. Hulala lakini hapumziki. Huwafokea watoto bila sababu. Mtu huyo si mwendawazimu, wala hakurogwa. Mwili wake bado unamngoja adui.

Hatari inapotokea, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, ili tuweze kukimbia au kujitetea. Shida ni pale hatari inapokwisha na mwili ukakataa kutulia. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole. Pumzi, lakini, unaweza kuiamuru, na moyo huifuata.

Watu wa India walilijua jambo hili tangu kale. Kwa zaidi ya miaka 2,000 wamefundishana yoga, yaani kuketi kwa utulivu, kunyoosha viungo, na kutuliza pumzi na mawazo. Hapa Kenya, mradi wa Africa Yoga Project ulianza Nairobi mwaka wa 2007, ukawafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani.

Hata wataalamu wa afya wameichukua pumzi kuwa chombo cha kazi. Huko Dagoretti, Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao 5, na kupumua polepole ni mojawapo ya mafunzo yake. Utafiti wa wanawake 421 uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Najua mwingine atauliza, "Sista, mimi ni Msabato, je, hii si dini ya watu?" Ni swali zuri. Yoga ina mizizi katika dini za India, na hatufichi hilo. Lakini pumzi haina dhehebu. Unaweza kupumua polepole huku ukisali sala yako mwenyewe.

Fanya hivi. Keti kwenye kiti au mkeka, mgongo wima, mabega yalegee. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi 4. Itoe taratibu ukihesabu moja hadi 6. Usiibane. Mawazo yakizurura, yarudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Endelea kwa dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Kama kufumba macho kunakuletea picha za kutisha, yaache wazi, tazama mgomba ulio mbele yako. Ukisikia kizunguzungu, acha upumue kawaida.

Tahadhari, mpenzi msikilizaji: zoezi hili si badala ya dawa wala hospitali. Usingizi ukikupotea kwa majuma mawili, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukiwaza kujiua, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya leo hii. Na jirani akikueleza hofu yake, msikilize, usimcheke.

Wazee walitufundisha kusalimiana kwa amani, omorembe. Basi amani hiyo na ianzie ndani ya kifua chako, ndipo uwe nayo ya kumpa jirani, hata yule wa ng'ambo ya mpaka. Hadi tukutane tena, jitunze. Afya ni mali.