Breka za sola: kisanduku kidogo, historia ndefu

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie umeme, maana hata kompyuta bila stima ni kabati tu.

Swali lililoletwa mezani ni hili. Mtu wa Kivaa, kule Masinga, Machakos, ana kibanda cha kazi mbali na laini ya stima. Ana paneli za sola juu ya bati, betri na inveta, na anataka kufunga kisanduku cha breka. Breka za hadiwea, zile zile za nyumba za mjini, zitamfaa? Jibu fupi: upande mmoja ndiyo, upande mwingine zinaweza kumchomea kibanda. Jibu refu ni historia, nami napenda historia.

Tuanze na Kivaa yenyewe. Iko kando ya Mto Tana, jirani na mabwawa ya Masinga na Kamburu. Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilitoka hapo, ikapita juu ya vichwa vya watu kwenye nyaya za volti 132,000 na 220,000 kuelekea Nairobi. Chini ya nyaya, watu waliwasha koroboi. Huwezi kupanda mlingoti ukajichotea: volti 132,000 zinahitaji kituo kizima cha transfoma kuzishusha, na hakuna aliyejenga kituo kwa ajili ya taa chache za kijiji. Mpango wa serikali wa umeme vijijini ulianza 1973, lakini mwendo wake ulikuwa wa kobe.

Kwa hiyo stima ya kwanza katika nyumba nyingi za mashambani Kenya haikutoka bwawani. Ilitoka kwenye gari. Mtu alinunua betri ya gari, akaendesha nayo redio au TV ndogo ya Great Wall isiyo na rangi, na ikiisha anaibeba mpaka sokoni kuchajiwa. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris, aliyekuwa na kampuni aliyoiita Solar Shamba, alifunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi pamoja na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu hapo. Wakafundisha mafundi. Biashara ikashika kasi, na miaka ya 1990 paneli ndogo za wati 10 hadi 14 ziliuzwa madukani kama vyerehani.

Sasa angalieni jambo hili. Sola ilipoingia kijijini kupitia betri ya gari, iliingia na tabia za gari: volti 12, waya mwembamba, fyuzi moja ya kioo, na fyuzi ikiungua wengine waliziba pengo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kisanduku cha breka hakikuwepo. Na nyumba hazikuungua ovyo! Kwa nini?

Hapo inabidi twende mbali zaidi. Umeme wa kuuzwa mjini ulianza ukiwa mkondo mnyoofu, huu mafundi wanaouita DC: Edison aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882 kwa volti 110 za DC. Wazo la kifaa cha kukata umeme alikuwa nalo tangu 1879, ila kwa biashara alitumia fyuzi. Mkondo geu, yaani AC, ukashinda vita vya soko. Hivyo Mjerumani Hugo Stotz alipopata hataza ya breka ndogo ya kubonyeza na kurudisha mwaka 1924, dunia ilikuwa tayari inaelekea AC, na breka rahisi zikatengenezwa kwa AC kizazi baada ya kizazi.

Tofauti ni moto. Breka inapofunguka, umeme hautaki kuachia. Unaruka pengo kama cheche ndefu. Katika AC ya Kenya mkondo hufika sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche hufa yenyewe. DC haina sifuri. Cheche inaendelea, inayeyusha breka, kisha plastiki, kisha ukuta wa mbao. Breka ya DC ina pengo kubwa na sumaku ya kuisukuma cheche mpaka ikatike. Nyingine zina alama za + na −, na ukizigeuza sumaku huisukuma cheche upande usiofaa.

Ndiyo maana zamani tulisalimika: kwa volti 12 cheche ni dhaifu mno kudumu. (Waya kupashwa moto na shoti ya betri ni habari nyingine, na hiyo ilichoma wengi vidole.) Lakini paneli moja kubwa ya leo hutoa karibu volti 40 hadi 50. Unga nne kwa mfululizo, unakaribia volti 200 za DC zikishuka kutoka batini. Mazoea ni ya 1990, volti si za 1990.

Kwa kibanda chetu cha Kivaa basi, kisanduku kina pande tatu. Kutoka paneli hadi kidhibiti chaji, breka ya DC yenye volti zinazozidi jumla ya paneli asubuhi ya baridi, maana paneli baridi hutoa volti nyingi zaidi. Usitegemee breka hii ikate shoti ya paneli: paneli kwenye shoti hutoa ampia kidogo tu juu ya kawaida. Hapo ni swichi ya kuzimia.

Simba ni betri. Kwenye shoti hutoa mamia ya ampia, hata maelfu. Inveta ya wati 1,000 kwa volti 12 hula zaidi ya ampia 83, kwa hiyo waya mnene, na fyuzi au breka ya DC karibu kabisa na nguzo ya betri, si mwisho wa waya.

Baada ya inveta ni AC ya volti 240, na hapo breka za hadiwea ziko nyumbani kwao. Tangu 2012 Kenya ina kanuni zinazotaka fundi wa sola awe na leseni, kwa madaraja. Muulize lake kabla hajapanda ngazi. Na soma ubavu wa breka: isipotaja DC na volti zake, inakaa upande huu wa tatu tu.

Kama kwenu kuna mzee aliyefunga sola enzi za Great Wall, muulize alitumia fyuzi gani, halafu niandikie.