Mlezi Rika: Jina la Anayempokea Mgeni Bwenini

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, mabasi ya mikoani huwashusha Dar es Salaam vijana wenye begi moja kubwa, godoro lililokunjwa na bahasha ya vyeti. Hupanda daladala hadi Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huuliza njia ya kwenda bweni walilopangiwa, na kabla jua halijazama wameshasikia maneno ambayo hakuna mwalimu wa sekondari aliyewafundisha. Wanaambiwa boom haijaingia. Wanaambiwa wasipojiangalia watapata supu, supu zikiwashinda watakari, na wakizembea zaidi watadisko. Wanaambiwa fulani hana chumba, anabebwa na mwenzake wa ghorofa ya pili. Kiswahili wamekizungumza tangu utoto, lakini jioni hiyo wanahitaji mkalimani.

Mkalimani huyo kwa kawaida si mhadhiri. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyepita njia hiyo hiyo juzi tu. Ndiye anayeeleza kwamba boom ni fedha za mkopo za chakula na malazi, supu ni mtihani wa marudio, kukari ni kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata, kudisko ni kuondolewa chuoni kwa sababu ya matokeo, na kubebana ni kulala wawili kwenye kitanda cha mmoja. Anajua zahanati iko wapi, fomu ya mkopo inasainiwa dirisha gani, na mama lishe yupi anakopesha mwisho wa muhula.

Vyuo vingi duniani vimempa mtu huyu cheo rasmi, mafunzo ya siku chache na orodha ya wageni wa kuwaangalia katika ghorofa yake. Kwa Kiingereza jina lake, peer mentor, limeunganishwa kutokana na maneno mawili: moja la usawa wa umri au hadhi, jingine la Kigiriki. Kwa Kiswahili ana majina mengi na hana jina. Wapo wanaomwita mshauri rika, wapo wa mnasihi rika, mwelekezi, mwenza, na vijana wenyewe husema menta, kisha wanaendelea na mazungumzo.

Menta ana asili ya kuvutia. Mentor ni mtu katika utenzi wa Odisei wa Homer. Odysseus alipokwenda vitani Troya alimwachia rafiki yake huyo nyumba yake, na mwanawe Telemachus akakua bila baba kwa miaka 20. Anapoanza safari ya kumtafuta, Telemachus ana umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasa, na mungu wa kike Athena anaandamana naye akiwa amevaa sura ya Mentor. Jina hilo lilienea Ulaya baada ya Mfaransa Fénelon kuandika upya safari za Telemachus mwaka 1699, akimfanya Mentor mwalimu anayezungumza kurasa kwa kurasa. Lakini katika utenzi wenyewe Odysseus anamtambua Mentor kuwa hirimu yake, mtu wa rika lake. Yaani menta wa kwanza alikuwa rika la baba. Kumwita kijana wa mwaka wa pili kwa jina hilo, kisha kuongeza kwamba yeye ni rika la anayemwongoza, ni kulipeleka neno mbali sana na lilikozaliwa. Ndiyo sababu kulitohoa tu hakusaidii: msomaji wa Kiswahili anapata sauti, hapati picha.

Nusu ya pili ya istilahi, rika, Kiswahili kinayo na ni mali kubwa. Rika si umri tu. Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki rika ni watu waliopita jando pamoja. Kwa Wagikuyu riika ni kundi la waliotahiriwa msimu mmoja, na jina la kundi hilo huwafuata hadi uzeeni. Kwa maana hiyo kali, mwanafunzi wa mwaka wa pili si rika la mgeni wake. Ni rika lililotangulia.

Wamaasai wameifikiria tofauti hiyo kwa kina kuliko idara nyingi za malezi ya wanafunzi. Morani wapya hawakabidhiwi kwa rika lililo juu yao moja kwa moja, kwa sababu marika jirani hushindana. Hukabidhiwa kwa rika la pili kutoka hapo, olpiron, ambalo wazee wake hupekecha moto wa kuwazindua na kubaki walezi wao. Chuo kinachochagua wanafunzi wa mwaka wa pili kwa hoja kwamba hawajasahau ugeni kina sababu nzuri. Chuo kinachochagua wa mwaka wa tatu, ambao hawana tena haja ya kujitutumua mbele ya wageni, nacho kina yake, na inafanana na ya Wamaasai.

Hata hivyo maana ya rika imeshalegea, na imelegezwa na kazi njema. Tangu miaka ya 1990, kampeni za UKIMWI zimeeneza elimu rika na waelimishaji rika: vijana waliofunzwa kuzungumza na vijana wenzao mambo ambayo mtu mzima akiyataja kijana huinamisha kichwa. Hapo rika lilipata maana ya mtu wa upande wako, asiyekutisha. Muundo nao ulikubalika, nomino mbili zikikaa bega kwa bega bila kiunganishi. Mtunga istilahi hahitaji kuanza upya. Kilichobaki ni kuchagua neno la kwanza.

Mshauri linaanguka mapema, kwa kuwa katika vyuo vya Tanzania mshauri wa wanafunzi ni ofisa mwenye ofisi, mhuri na foleni mlangoni. Mwelekezi linatosha wiki ya kwanza tu, mgeni anapotafuta ukumbi wa mihadhara.

Mnasihi ni mshindani wa kweli. Limetokana na nasaha, neno la Kiarabu ambalo mzizi wake hubeba usafi wa nia; Waarabu wa kale waliutumia hata kwa asali iliyochujwa ikabaki bila nta. Ni neno zuri mno, na kwa sababu hiyo hiyo lisitumiwe ovyo. Unasihi leo ni taaluma. Mtu anayetafuta unasihi baada ya kufiwa, kubakwa au kufikiria kujiua anapaswa kukutana na aliyesomea kazi hiyo. Vyuo vikuu vingi vya Kenya vina vikundi vya wanafunzi waliofunzwa kuwanasihi wenzao, na hao jina la wanasihi rika linawastahili. Kijana aliyepewa ghorofa moja ya wageni na semina ya siku mbili halimstahili. Kumpa ni kumbebesha mzigo usio wake, na kumdanganya mgeni anayegonga mlango usiku.

Basi kijana huyo anafanya nini hasa? Mwaka 1909 Mfaransa Arnold van Gennep alieleza kwamba mila za kuvuka daraja la maisha huwa na hatua tatu: kutengwa na ulikotoka, kukaa katikati, na kupokelewa upya. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani Vincent Tinto alizichukua hatua hizo kuelezea kwa nini wanafunzi huacha chuo. Wengi, alisema, hawaondoki kwa uzito wa masomo peke yake. Hukwama katikati, hawako tena nyumbani na hawajapokelewa chuoni. Msomaji wa Pwani ataitambua hali hiyo. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, aliyemfunda adabu, usafi na siri za unyumba, akawa naye hadi harusini. Jandoni na unyagoni palikuwa na kungwi. Somo lingekuwa jibu tamu, lakini neno hilo limeshatekwa na ratiba ya vipindi, na kungwi bado ana harufu ya mambo yasiyotajwa hadharani.

Linalobaki ni mlezi, na ndilo linalofaa: mlezi rika, walezi rika, ulezi rika. Kulea hakuishii kwa mtoto. Watu hulea mimba, hulea ndoa, hulea kipaji. Ni kitendo cha muda mrefu, cha kurudia rudia, kisichodai shahada. Neno hilo lina kasoro moja kubwa: katika fomu za shule mlezi ndiye anayetia saini pale ambapo mzazi hayupo, na mlezi wa chama ni mheshimiwa anayekaa meza kuu. Lakini rika ndilo linalomshusha kutoka meza kuu na kumketisha kitandani kando ya mgeni. Maneno hayo mawili yanavutana, na mvutano huo ndio kazi yenyewe. Kulea kuna onyo pia. Kuulea uovu ni kuufumbia macho, na mlezi rika anayejua kwamba wageni wanapelekeshwa usiku kwa kisingizio cha utani, kama wanafunzi wapya wa shule za bweni, njuka wa Tanzania au mono wa Kenya, kisha akanyamaza, analea kwa maana hiyo mbaya.

Lugha nyingine nazo zimekimbilia ukoo. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kilichoanzishwa mwaka 1413, wanafunzi wa miaka ya juu huwa “wazazi” na wapya huwa “watoto” wao. Zamani mtoto alimletea mzazi ratili ya zabibu kavu, akapewa stakabadhi ya Kilatini.

Kiswahili cha chuo kikuu kimejengwa kwa kupanua maana namna hii. Shahada ilikuwa ushuhuda kabla ya kuwa cheti. Bweni lilikuwa nyumba ya kulala vijana wasiooa kabla ya kuwa na ghorofa na namba za vyumba. Zanzibar wakachagua dahalia, kutoka Kiarabu. Na chombo cha kuichunguza lugha hiyo hakikuwa mbali: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo kazi yake leo inaendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ilikaa Mlimani pale pale, hatua chache kutoka mabweni.

Jina la anayelelewa ndilo gumu zaidi. Mlelewa ni sahihi kisarufi, lakini hakuna mtu wa miaka 20 atakayejibu akiitwa hivyo. Bwenini husikika “mdogo wangu,” na hilo nalo hugoma anapofika mwalimu wa shule ya msingi wa miaka 38, mwenye watoto watatu, aliyerudi kusomea shahada. Huyo mlezi wake wa miaka 22 humwamkia shikamoo kwanza, humpokea begi, kisha humwonyesha dirisha la kusaini fomu.