Maoni Arobaini na Saba

Mwezi Februari mpwa wangu alinipigia simu kutoka chuoni. Anasoma historia, mwaka wa tatu, na alikuwa ameanza utafiti wake wa mwisho kuhusu simu za mkononi Tanzania. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza swali alilodhani ni jepesi.

"Mjomba, ule mwaka simu feki zilipozimwa, watu walisemaje?"

Nikamwambia watu walisema mengi. Akasema sawa, lakini yako wapi? Magazetini alikuwa amekuta tarehe, matangazo na maelezo ya wakubwa. Mtu wa kawaida, yule aliyeamka asubuhi akakuta simu yake haina mtandao, hakumkuta mahali.

"Wewe si ulikuwa na blogu?"

Nilikuwa nayo. Na alichokuwa akikitafuta kilikuwamo. Nilikifuta mwenyewe, kwa mkono wangu, usiku mmoja wa Juni 2018.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule, nieleze kidogo. Kwa miezi kadhaa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zote bandia zingefungiwa zisishike mtandao. Ulibonyeza *#06#, ikatokea namba ya tarakimu 15, ukaituma kwenda 15090, kisha ukasubiri. Ujumbe ukirudi na jina la simu ileile uliyoshika, ulishukuru. Ukirudi na jina jingine, au ukiambiwa namba haitambuliki, ulijua una msiba. Watu walipimiana simu kwenye daladala, kazini na kwenye foleni za benki. Niliwahi kumwona mzee mmoja akimpa kijana asiyemjua simu yake ampimie, halafu akageuza uso pembeni mpaka majibu yalipokuja.

Mimi niliandika kwenye blogu yangu kwamba hazitazimwa. Niliandika kwa uhakika mkubwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba simu hizo ni nyingi mno, kampuni za simu zitapoteza wateja, na serikali haiwezi kujitafutia lawama namna hiyo. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na maoni kama aliyonayo mtu wa kijiweni kuhusu kocha wa timu ya taifa. Andiko lile lilipata maoni 47, idadi ambayo blogu yangu haikuwahi kuifikia kabla wala baada yake. Saa sita usiku ilipopita simu zikazimika, na wa kwanza kuandika asubuhi alisema anamtafuta mwenye blogu amrudishie hela ya simu.

Mengine nayakumbuka vipandevipande. Wengi waliuliza swali moja kwa maneno tofauti: simu hizi zilipita bandarini, zikauzwa dukani mchana kweupe, mbona anayeadhibiwa ni mnunuzi? Fundi mmoja wa Mbeya alieleza kwa kirefu jinsi ya kutofautisha simu bandia na simu halisi iliyotumika, kwa kuangalia betri na uzito. Mama mmoja aliuliza kama simu ikizimwa picha nazo zinapotea, kwa kuwa picha pekee za marehemu mama yake zilikuwa mle. Haikupita nusu saa akajibiwa na mtu asiye na jina: mama usiogope, kinachokatwa ni mtandao tu, picha zipo, peleka kwa fundi azihamishie kwenye kadi. Chini yake mwingine akaandika "pole sana mama". Basi.

Hayo ndiyo mpwa wangu alikuwa akiyatafuta.

Soga za namna hii mtandaoni hazikuanza na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili kwenye Jikomboe, wakati ambapo wengi tulidhani intaneti haijui Kiswahili kabisa. Mwaka 2005, wakiwa Helsinki, alimsaidia mpiga picha wa magazeti Issa Michuzi kufungua blogu yake, na wasomaji wakawa "wadau", naye akawa "Ankal". Mwaka 2006 likaanzishwa jukwaa la Jambo Forums, ambalo miaka miwili baadaye lilichukua jina la Jamii Forums. Siku hizo intaneti ilipitia satelaiti, ghali na ya kinyonga, na ulilipia dakika kwenye kibanda cha intaneti. Ulikuwa ukiandika maoni yako huku ukiangalia saa ukutani. Mkonge wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na kuanza kazi Julai 2009, na simu za bei nafuu zilipojaa Kariakoo, dakika zikaacha kuhesabiwa. Ndipo na mimi nikafungua blogu, mwaka 2011, ya kuzungumzia simu, vifurushi na habari za teknolojia.

Siku hizi watu hucheka wakisikia nilikuwa naandika habari za teknolojia, maana sijasomea kompyuta hata siku moja. Lakini tazama habari za teknolojia zilivyotufikia. Kwa wenzetu wa mbali, habari ya teknolojia ni kampuni kuzindua kitu kipya na watu kubishana kama wakinunue. Kwetu mara nyingi ilikuja ikiwa amri yenye tarehe ya mwisho. Sajili laini yako, la sivyo itafungwa. Nunua king'amuzi, kwa sababu tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam inazima matangazo ya analojia, na televisheni yako itabaki kuonyesha chenga. Hakikisha simu yako kabla ya tarehe 16 Juni. Sajili laini tena, safari hii kwa alama za vidole, na mwisho ni tarehe 20 Januari 2020. Kila mara lilikuwapo sababu linaloeleweka, na kila mara hapakuwa na mahali mtu wa kawaida aliulizwa king'amuzi kitamgharimu nini. Kwa hiyo alisema palipokuwa na nafasi, chini ya andiko la mtu kama mimi, kati ya mzaha na tangazo la mtu anayeuza friji.

Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Nilizisoma kwenye simu, nikiwa nimekaa kitandani, na neno lililonigonga lilikuwa hilohilo "maudhui". Miaka saba nilidhani ninapiga soga. Kumbe nilikuwa mtoa huduma ya maudhui. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Jumla 2,100,000 ili kuanza. Aliyeendelea bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Katika miaka saba blogu yangu haikuwa imeniingizia hata nauli ya kwenda Kibaha.

Hatukuwa peke yetu. Mwezi huohuo Uganda, Rais Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akitaka mitandao ya kijamii itozwe, kwa kuwa watu wanaitumia kwa "lugambo", yaani umbea. Tarehe 1 Julai kodi ikaanza: shilingi 200 za Uganda kwa siku, bila kujali umeingia kusengenya au kuuliza bei ya mahindi. Nikiweka nchi hizi mbili pamoja naona kwamba mwaka 2018, upande wetu huu wa dunia, mazungumzo ya kawaida yaliandikiwa bei. Majirani walitoza kwa siku. Sisi tulitoza kwa mwaka.

Niwe mkweli. Waliotaka mazungumzo yadhibitiwe hawakuwa wamelala wakaota. Picha za maiti wa ajali zilikuwa zikisambaa kabla ndugu hawajapewa taarifa. Picha za siri za mabinti zilirushwa na wapenzi waliokorofishana nao. Hata kwangu, mtu aliwahi kuandika jina kamili la mwenye duka akidai ni mwizi wa simu, na maoni hayo yalikaa siku mbili nzima kabla sijayaona na kuyatoa. Siku mbili ni nyingi kwa mwenye duka. Nilijiambia mimi si gazeti. Lakini jina lake lilisomwa kama linavyosomwa gazetini.

Hata hivyo, bei haikutofautisha. Milioni mbili na laki moja haziulizi kama umechafua jina la mtu au umemweleza mama jinsi ya kuokoa picha. Wenye fedha, wema na wabaya, waliweza kulipa. Aliyeshindwa ni yule aliyeandika kwa kuwa ana la kusema.

Mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara na mwezi Mei yakapata zuio la muda. Halikudumu. Juni, Jamii Forums ikafunga kwa wiki kadhaa. Nilipofungua ukurasa wake siku hiyo na kukosa nilichozoea, niliona kama baraza la watu wazima limevunjwa, nami bado nimekaa nje na kigoda changu.

Usiku huo nikafuta blogu. Ningependa kusema niliifuta kwa hasira, au kwa kupinga. Nilifuta kwa woga. Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna barua iliyokuja. Sikumuuliza mwanasheria, sikuuliza hata rafiki, kama blogu ndogo iliyolala inahesabika. Sikutoa nakala, ingawa kutoa nakala kulihitaji kubonyeza mara mbili tu na kifurushi nilikuwa nacho. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, nikazima taa.

Nilichofikiria ni usalama wangu na maandishi yangu, ambayo hayakuwa na thamani kubwa. Sikuwafikiria wale wengine. Fundi wa Mbeya hakunipa ruhusa. Mama wa zile picha hakuulizwa. Maneno yao yalikuwa nyumbani kwangu tu, nami nikabomoa nyumba.

Wanahistoria wanaotaka kujua watu wa Tanganyika walikuwa wanafikiri nini miaka ya 1920 na 1930 husoma barua na mashairi ya wasomaji katika Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, lenye shabaha za serikali. Lakini nafasi za wasomaji zilibaki na sauti zao. Husoma pia Kwetu la Erica Fiah, lililoanza mwaka 1937, lenye ukali zaidi. Aliyetuma barua kwenye magazeti yale huenda alitaka tu jina lake lionekane, au alitaka kumjibu mbishi wa mji wa jirani. Hakujua kwamba miaka 90 baadaye mtu atakaa maktaba akimsoma kwa penseli. Maoni mepesi ndiyo hivyo. Siku yanapoandikwa ni ya bure, na thamani yake huja baadaye, ikiwa yamebaki.

Watu hawakunyamaza baada ya 2018. Walihamia WhatsApp, kwenye makundi ya ukoo, ya harusi, ya waliosoma pamoja. Alama za vidole zilipokuja, nilisoma humo mabishano matamu kuliko yote niliyowahi kuyapata kwenye blogu. Simu ile iliibiwa Ubungo mwaka uliofuata. Mabishano yakaenda nayo. Nina hakika hali ni hiyohiyo kwa wengi wenu: historia ya miaka hii mnayo mifukoni, na kila anayebadilisha simu anapunguza kidogo.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, pamoja na sehemu ya woga. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza anwani ya blogu ilikuwa ipi. Jioni akanitumia picha. Alikuwa ameingia kwenye hifadhi ya kurasa za zamani, ile ya Internet Archive ya Marekani, akakuta ukurasa wangu wa mbele umehifadhiwa mara moja, mwishoni mwa Juni 2016. Kichwa cha andiko kilikuwapo: "Simu Hazitazimwa, Tuache Woga." Mistari mitatu ya mwanzo ilikuwapo. Chini yake, kwa herufi ndogo za buluu, palikuwa pameandikwa "Maoni 47".

Alikuwa amebonyeza hapo. Ukurasa wa ndani haukuhifadhiwa.

"Mjomba," akaniandikia, "kaa chini uandike unayoyakumbuka yote. Nitayaweka kama mahojiano. Andika na ulivyosema hazitazimwa."

Nimekumbuka kumi na moja. Nimeyaandika kwenye daftari kwa peni, nikaweka tarehe, na juu nimeandika kwamba ni kumbukumbu ya mtu mmoja, aliyekosea kuhusu simu na aliyefuta mengine 36. La mama wa picha nimeliweka la kwanza.