Kipimo cha mtoto: kwa nini kutafsiri pekee hakutoshi
Kipimo cha AIMS kilitoka jimbo la Alberta, Kanada. Mtaalamu humtazama mtoto, tangu kuzaliwa hadi anapoanza kutembea, akiwa kifudifudi, chali, amekaa na amesimama. Huangalia vipengele 58, bila kumshikashika.

Ili kitumike Poland, kutafsiri maelezo kwa Kipolandi ni mwanzo tu. Lazima ithibitishwe kwamba wataalamu wawili wakimtazama mtoto yuleyule watampa alama zinazolingana, na kwamba viwango vya watoto wa Alberta vinawafaa watoto wa huko.

Kwa nini tunaeleza haya? Kipimo kikikosea, mtoto anayehitaji mazoezi ya viungo huchelewa kuyapata, na wazazi wa mtoto mzima hutiwa hofu bure.