Jino la Kushoto, Jino la Kulia: Historia ya Cheni Iliyopasua Mbao za Nyumba Zetu

Mtu akitoka Gisenyi akavuka mpaka kuingia Goma, anachokiona kila upande ni mbao. Nyumba za mbao, vioski vya mbao, makanisa ya mbao. Hata chukudu inayobeba viazi na makala ni mbao mpaka magurudumu. Sababu tunaijua sisi sote. Tumekulia chini ya Nyiragongo. Ulilipuka 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji, ukarudia tarehe 22 Mei 2021. Juu ya jiwe la lava kuchimba msingi ni kazi ngumu, na si kila mtu ana franga ya saruji. Ubao unaupigilia misumari leo, na baada ya siku chache familia imeshaingia ndani. Ukilazimika kuhama, unaubomoa unaondoka nao.

Lakini ule ubao ulitokaje ndani ya gogo? Zamani jibu lilikuwa watu wawili na msumeno mrefu: mmoja juu ya gogo, mmoja chini, unga wa mbao ukimwagikia machoni. Siku hizi sehemu kubwa ya mbao za Kivu zinapasuliwa hukohuko porini na mashini ya mkono, ile yenye cheni. Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Rubavu, na kati yao wamo waliopita kwenye kazi hiyo huko Masisi na Walikale kabla ya vita kuwatoa. Kuiwasha wanajua. Ilikotoka, hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana naandika.

Papa mmoja wa kwetu, aliyekata miti miaka mingi, huwa anasema hivi: "Mashini haikatake, sheni njo inakataka." Ana haki. Injini inatoa nguvu tu. Kazi yenyewe inafanywa na vitu vitatu: cheni yenye meno, ubapa wa chuma ambao cheni inauzunguka, na gurudumu la meno linaloivuta cheni, kama lile la baiskeli karibu na pedali. Historia ya mashini hii ni historia ya hivyo vitatu kusumbuana: kimoja kikiboreshwa, kingine kinaonekana kimebaki nyuma.

Mwanzo haukuwa msituni. Ulikuwa hospitalini. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia kicheni chembamba chenye meno, chenye mpini kila ncha, kukata mfupa. Aitken alikielezea kama kifaa cha kufungua nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua, wakati ambapo dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa haijapatikana. Mama zetu wakisikia hilo wanashika vichwa. Kisha, karibu mwaka 1830, Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza kifaa cha kukata mifupa ambacho ukikiona leo utashtuka: cheni isiyo na mwisho, inazunguka kwenye ubapa, inavutwa na gurudumu la meno unalolizungusha kwa mkono. Vitu vyote vitatu vilikuwa tayari pale. Kilichokosekana ni nguvu tu.

Nguvu ilichukua karibu miaka mia kufika. Mwaka 1905 kule Marekani, Samuel Bens wa San Francisco alipewa hataza ya msumeno wa cheni wa kukatia miti mikubwa. Mwaka 1926 Andreas Stihl, mjini Stuttgart, akatoa mashini ya umeme ya kukatia magogo. Ilikuwa na uzito wa kilo 64, na ilihitaji watu wawili. Mwaka uliofuata Emil Lerp akajaribu ya petroli kwenye mlima Dolmar, Ujerumani, na Stihl akaleta ya kwake ya petroli mwaka 1929. Ubapa wa mashini hizo ulikuwa na mpini kwenye ncha ya mbele, ili mtu wa pili aushike. Basi, watu walibaki wawili kama wale wa msumeno mrefu. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa wanabeba na injini.

Tatizo kubwa lilikuwa jino. Waliotengeneza cheni za kwanza waliiga msumeno wa mkono. Jino moja linakwaruza upande wa kushoto, lingine kulia, halafu lingine linafuata kukokota unga nje. Kwa mkono wa binadamu, unaokwenda polepole, jambo hilo linafaa. Kwa injini, meno yanaisha makali haraka, na kila jino linataka tupa kwa namna yake. Fundi alikuwa anakaa akinoa kwa muda mrefu kuliko anaokata.

Aliyeitatua shida hiyo ni mkata miti wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Buford Cox. Mwaka 1946 alikuwa anapasua kuni, akamwona funza wa mbawakawa akila ndani ya kisiki. Sisi wote tumewaona hao funza. Cox alikaa akamwangalia. Funza yule hakuwa anakwaruza. Alikuwa anamega, kushoto kisha kulia, kushoto kisha kulia, na taya zake zilikuwa zimepinda. Alikuwa anakwenda popote anapotaka kwenye ubao mgumu, iwe kufuata nyuzi za mti au kuzivuka. Cox akatengeneza jino la chuma lililopinda namna ile. Mwaka 1947 akaanza kuuza cheni zake, akizitengeneza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mjini Portland. Meno yakawa ya aina moja tu, yakibadilishana kushoto na kulia, na kwa sababu yamepinda, yananolewa kwa tupa ya duara. Mbele ya kila jino kuna kipande kifupi ambacho hakikati: kazi yake ni kulizuia jino lisimege kupita kiasi. Cheni nyingi zinazouzwa leo, hata ya duka dogo hapa Rubavu, bado zinafuata wazo hilo.

Jino likipona, gurudumu la meno likaonekana. Mashini nyingi za zamani zilikuwa na gia kati ya injini na gurudumu hilo, ili kuongeza nguvu kwa kupunguza mwendo. Gia ni uzito. Jino jipya lilitaka mwendo zaidi kuliko msukumo. Mwaka 1959 Stihl akatoa mashini iliyoitwa Contra, isiyo na gia: gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye ngoma ya klachi, injini ikizunguka mara moja na lenyewe mara moja. Mashini ikawa na uzito wa kama kilo 12. Mtu mmoja, mashini moja. Cheni leo inaweza kupita mita 20 kwa sekunde. Baadaye gurudumu lenyewe likapata aina ya pili, yenye pete ya meno inayochomolewa: pete ikilika unanunua pete tu.

Ubapa nao ukabadilika. Ncha yake ilikuwa chuma kitupu, cheni inasugua pale mpaka moto. Wakaipaka chuma kigumu zaidi, kisha wakaiwekea nyota ndogo ya meno inayozunguka na cheni. Msuguano ukapungua. Lakini ncha hiyo hiyo ndiyo hatari. Robo yake ya juu ikigusa mti, mashini inaruka nyuma kuelekea uso kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana miaka ya 1970 viwanda vilianza kuweka breki ya cheni, ile ngao mbele ya mkono wa kushoto.

Hapa nataka tuongee kama ndugu. Mmoja wa vijana ninaowafuatilia alipewa kazi na mtu mmoja, akakabidhiwa mashini ambayo ngao hiyo ilishang'olewa kwa sababu eti inasumbua. Viatu alivyovaa ni kandambili. Akiuliza, anaambiwa wakimbizi wenzake wanangoja nafasi hiyo. Leo ana kovu kwenye bega, na hakulipwa siku alizolala. Kama angeambiwa kwa nini ile ngao iliwekwa, labda angekuwa na neno la kujibu.

Kuna jambo la pili. Tunasingiziwa sana kwamba mkimbizi ndiye anamaliza msitu. Tuwe wa kweli pande zote. Mwaka 1994, kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zilipowekwa kandokando ya Virunga, miti mingi ilikatwa kweli, kwa kuni za kupikia. Hapa jirani yetu, msitu wa Gishwati ulikuwa na karibu hekta 28,000 miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umebaki chini ya hekta 1,000: malisho, mashamba, kisha watu waliorudi nchini bila pa kukaa. Mwaka 2015 sheria ikaunda Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura ili kuokoa kilichobaki. Sehemu kubwa ya hayo ilifanywa na panga, shoka na moto. Cheni ina kesi yake nyingine.

Kesi ya cheni ni hii. Jino la Cox lilitengenezwa kwa kukata mti kwa kuukingamia. Kwetu linatumika kupasua mbao kwa urefu, bila meza, fundi akifuata mstari uliopigwa kwa kamba yenye oili chafu. Cheni ya kupasulia inapaswa kunolewa kwa pembe ya nyuzi kama 10, si zile 30 za kawaida. Na njia ya cheni kubwa ndani ya mti ina upana wa karibu sentimita moja. Piga hesabu: ukitoa mbao za sentimita mbili na nusu, kila ubao unakula sentimita moja ya unga. Zaidi ya robo ya gogo inabaki porini kama vumbi. Cheni butu, inayoyumba, inakula zaidi. Msumeno wa watu wawili ulikuwa mwembamba kuliko hapo.

Kwa hiyo kijana anayejua kunoa anaokoa mti, petroli na bega lake. Ujuzi huo hauhitaji kiwanja wala kibali cha kumiliki mashini. Unahitaji tupa ya duara ya saizi sahihi, milimita 5.2 au 5.5 kwa cheni kubwa, tupa bapa ya kushusha vile vipande vifupi, na jicho. Hesabu idadi sawa ya misukumo kwa kila jino, kushoto yote, kisha kulia yote. La sivyo cheni itakata kwa kuvuta upande. Kila ukibadilisha cheni, tazama na gurudumu la meno: likiwa na mashimo ya kulika, litaiharibu cheni mpya ndani ya siku chache. Ugeuze na ubapa, ulike pande zote mbili sawasawa.

Vijana watatu wa kikundi chetu wameshaanza kunoa cheni za mafundi wanaokata mikaratusi milimani, wakilipwa kwa kila cheni. Zana zao zote zinaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Anayetaka kujifunza aje na kandambili zake, lakini akianza kukata tutamtafutia buti kwanza.