Idadi ya Watu, Mapato na Gharama za Huduma za Umma Wilayani Kilosa: Mfano wa Mikumi, 1984–2012

Imezoeleka kudaiwa kwamba watu wakiongezeka, gharama ya huduma kwa kila mkazi hupungua, kwa kuwa kisima au zahanati ileile huhudumia wengi zaidi. Historia ya Kilosa inaitilia shaka hoja hiyo, hasa kwa upande wa mapato.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 489,513 wilayani. Ile ya 2012 ilihesabu 438,175. Anayesoma kwa haraka ataona upungufu. Ukweli ni kwamba Gairo ilikwisha kumegwa na kuwa wilaya yenye watu 193,011. Eneo la awali, basi, lilikuwa na watu 631,186, ongezeko la takriban asilimia 29. Kumegwa huko kulisogeza utawala karibu na wananchi, lakini pia kulileta hitaji la ofisi za pili na watumishi wa pili.

Halmashauri za wilaya, zilizofutwa 1972, zilianza kazi upya 1984. Kodi ya Maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima, ilichukiwa, na si bila sababu; hata hivyo iliunganisha idadi ya watu na mapato ya halmashauri. Ilipofutwa 2003, kiungo hicho kilikatika. Ruzuku za kisekta zilizofuata ziligawanywa kwa kanuni maalumu. Katika afya, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 70. Mkazi aliacha kuwa mlipaji akawa tarakimu ya sensa, na sensa hungojewa miaka kumi.

Mikumi ndipo udhaifu wa utaratibu huo unapoonekana wazi. Mji umekua kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, huku ukipakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1964. Madereva, abiria na majeruhi wa ajali hutumia maji, vyoo na vituo vya afya vya mji. Sensa, kwa upande wake, humhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja wa Agosti. Apitaye mchana hamo. Viingilio vya watalii navyo vilikusanywa na Shirika la Hifadhi za Taifa, si na halmashauri. Kwa hiyo takwimu za wakazi peke yake hazitoshi kukadiria gharama za Mikumi: sehemu ya mzigo wake huletwa na watu ambao hesabu ya ruzuku haikuwahi kuwatambua.