Kabla hujanunua grafiki kadi, soma kibandiko cha pawa saplai

Vijana wengi hapa Lipangalala sasa wanaunga mashine zao wenyewe, na swali ni lile lile: "Kadi gani inacheza GTA V?" Jamani, anza na pawa saplai. Kadi mbovu itakukera tu, pawa saplai mbovu inaondoka na madabodi na diski yako.

Mimi mwenyewe nimeshaunguza moja. Nyuma ya zile za zamani kuna kaswichi kekundu kenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kaswichi kalikuwa kwenye 115, sikuangalia, nikachomeka... paa! Moshi, harufu, na hela ya miezi kadhaa imekwenda. Zilizoandikwa 100-240V hazihitaji kaswichi hako, na ndizo zinazovumilia zaidi jioni umeme ukipungua. Ndiyo, Kidatu yenye megawati 204 iko wilaya hii hii ya Kilombero, lakini taa zetu zinacheza vile vile. Weka na TV guard, ile inayosubiri kidogo umeme ukirudi.

Sasa kibandiko. Achana na "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta +12V, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Kama ni 16A, basi 12 x 16 = wati 192. Hizo ndizo prosesa na kadi zitagawana, siyo 500! Ukiona 12V1 na 12V2 usijumlishe ampea, tafuta jumla ya wati iliyoandikwa hapo chini.

Kwenye kadi, tundu la PCI Express la madabodi linatoa wati 75, basi. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kwa hiyo kadi isiyo na sehemu ya kuchomeka waya haizidi wati 75, na kwa mashine nyingi za mtumba hapo ndipo pa kuishia. Prosesa kama i5-3470 ni wati 77, piga hesabu mwenyewe.

GT 1030 ni wati 30, ila chukua ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina hilo hilo lakini ni nzito mno. GTX 1650 ni wati 75, japo baadhi zimewekewa pini 6, igeuze uangalie. Kwangu mimi bora ni RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, wati 70, kama mfuko unaruhusu. RTX 4060 inakula 115 na Nvidia wanataka pawa saplai ya wati 550, kwa hiyo iache kwanza. Na ukiuziwa kile kiwaya cha kugeuza waya wa diski uwe wa kadi, kataa, kinayeyuka.

GTX 1050 Ti za bei ya kutupa ziogope. Kuna kadi za zamani kabisa zilizobadilishwa jina. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, fungua GPU-Z, programu ya bure: tangu 2018 kadi nyingi za namna hiyo inaziandika FAKE mbele ya jina. Hata iwe halisi, Oktoba 2025 Nvidia walisitisha draiva mpya za gemu kwa kizazi hicho.

Wenye Dell OptiPlex nyembamba, kadi iwe ya kimo kifupi, la sivyo kasha halifungi. Na 7020 au 9020 haipokei pawa saplai ya kawaida moja kwa moja: waya wake mkubwa ni wa pini 8 badala ya 24, lazima utafute kiunganishi chake.

Ukitumiwa mashine kwa basi kutoka Kariakoo, mwambie anayekutumia aichomoe kadi aifunge peke yake.